Je, Yafaa Kumsimamishia Mtu Sanamu Njiani?

Tuseme kijana mmoja mkatekumeni wa Kyavinyonge amesafiri mpaka Goma kuuza samaki wa chumvi. Amezaliwa ufukoni mwa Ziwa Edward, na sanamu alizopata kuziona tangu utoto wake ni zile za kanisani tu: Bikira Maria, Mtakatifu Yosefu, na Bwana wetu msalabani. Afikapo mjini anakuta mahali ambapo barabara zimekutana, na hapo pana kitako kirefu, na juu ya kitako yuko mtu wa rangi ya dhahabu pamoja na chukudu yake. Kijana anasimama kutazama. Magari yanapita, pikipiki zinapiga honi, akina mama wanapita na mabeseni kichwani, wala hakuna hata mmoja anayepiga magoti. Hata hivyo moyo wake hautulii, kwani juzi tu katika mafundisho amejifunza Amri ya kwanza. Akirudi nyumbani atauliza: Je, watu wa Goma wameingia katika ibada ya sanamu? Na kama hawakuingia, kwa nini basi mtu wa kubeba mizigo amepakwa rangi ya dhahabu kama ndama wa jangwani?

Swali hilo si la kuchekwa. Wako Wakristo waliobatizwa miaka mingi ambao wangeulizwa hivyo na watoto wao wangejibu kwa kuwafukuza wakacheze.

Sehemu ya kwanza ya swali ni nyepesi. Amri ya kwanza haimkatazi fundi kuchonga mti wala kuyeyusha shaba; inakataza kumpa kiumbe ibada iliyo haki ya Mungu peke yake. Mungu mwenyewe alimwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba jangwani, na walioumwa wakamtazama wakapona. Tena maaskofu walipokutana katika Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, walifundisha kwamba heshima inayopewa sanamu haiishii katika mti au jiwe, bali inapita na kumwendea yule ambaye sanamu inamwonyesha. Mwana akiibusu picha ya mama yake aliyefariki, haibusu karatasi. Hayo watu wote wanayafahamu, hata wasiojua kusoma.

Lakini fundisho hilohilo la Nikea linazaa swali la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Ikiwa heshima haikai katika sanamu bali hupita kwenda kwa mwenyewe, basi imo safarini, kama vile samaki walivyo safarini toka ziwani mpaka soko la Butembo. Na kila mvuvi anajua kwamba samaki waliotoka ufukoni si lazima wafike sokoni. Wengine huoza njiani, wengine hunyang'anywa, wengine hufika wakapewa sifa mtu asiyewavua. Yapasa kuuliza basi: heshima ya sanamu ya mjini humfikia nani? Na je, inafika kweli?

Izingatiwe kwanza kwamba sanamu ya njia panda si kama sanamu ya kanisani. Ya kanisani huonwa na mtu aliyeingia kwa hiari yake, tena ameingia akiwa ametayarisha moyo. Ya njia panda haimngoji mtu aingie. Mama aendaye sokoni, mtoto aendaye shuleni, mfungwa anayepelekwa hukumuni, wote hupita chini yake kila siku, wapende wasipende. Haina kinywa, lakini inawafundisha wapitao kwamba huyu ndiye mkubwa, huyu ndiye wa kutazamwa juu. Aliyeiweka pale amejifanya mwalimu wa mji mzima, na mwalimu atatoa hesabu ya mafundisho yake.

Mfano mzito wa jambo hili uko katika nchi ya Kongo yenyewe. Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, aliitawala Kongo tangu mwaka 1885 hadi 1908 kama shamba lake mwenyewe, naye hakukanyaga udongo wake hata siku moja. Watu walilazimishwa kutafuta mpira wa msituni kwa kipimo walichowekewa. Aliyepungukiwa alipigwa kiboko, fimbo iliyokatwa katika ngozi ya mnyama yuleyule anayelala majini karibu na mitumbwi ya Kyavinyonge. Wanawake walishikwa rehani mpaka waume zao walete mpira; vijiji vilichomwa moto; watu wengi mno walikufa. Basi mwaka 1928 sanamu ya mfalme huyo, ya shaba, amepanda farasi, ikasimamishwa mjini Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa. Ilikuwa miaka 20 tu tangu utawala wake ukome. Watu waliobaki na makovu mgongoni walikuwa wangali hai, na ikawa mtu mwenye makovu aweza kupita chini ya kwato za farasi wa shaba, na kufundishwa na shaba hiyo kwamba aliyempiga ndiye wa kushukuriwa.

Hapo hakuna aliyefukiza ubani. Hakuna aliyesujudu. Kwa jinsi ya nje Amri ya kwanza haikuvunjwa. Lakini kumwekea mtu mahali pa juu mbele ya wale aliowadhulumu, na kuwataka watazame juu, ni uongo, na uongo wa shaba haukauki upesi kama uongo wa mdomo.

Serikali ya Mobutu iliiondoa sanamu hiyo mwaka 1967. Lakini habari haikuishia hapo. Mwezi wa Februari mwaka 2005, waziri wa utamaduni wa wakati ule aliirudisha katikati ya Kinshasa, kwa sababu, kwa maoni yake, haifai taifa kuifuta historia yake. Haikukaa hata siku mbili. Iliondolewa tena baada ya saa chache. Kisha ikapata nafasi katika bustani ya Mlima Ngaliema, pamoja na sanamu nyingine za wakati wa ukoloni.

Waziri huyo hakuwa mpumbavu. Alisema neno la kweli, kwamba mtoto asiyeambiwa habari za babu yake ataishi kama aliyezaliwa jana. Kosa lake lilikuwa la mahali. Kukumbuka ni jambo moja na kuheshimu ni jambo lingine. Jeraha hukumbukwa, wala haliheshimiwi. Mtu aendaye Ngaliema kutazama mambo ya kale amekwenda kujifunza. Anaweza kusimama mbele ya farasi yule akawaeleza watoto wake yote yaliyotendeka. Mtu apitaye katikati ya mji hafundishwi mambo ya kale, bali anaonyeshwa mkubwa wake ni nani. Shaba ni ileile, uso ni uleule, lakini mafundisho yamegeuka kwa sababu mahali pamegeuka. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa nyoka wa shaba wa Musa. Siku zilipopita watu wakaanza kumfukizia ubani, ndipo mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande, asiogope kwamba kazi ile ilitoka mkononi mwa nabii. Kitu kilichowekwa kwa haki chaweza kuondolewa kwa haki. Sembuse kilichowekwa kwa kiburi.

Sasa itazamwe pwani ya Bahari ya Hindi, mjini Dar es Salaam, kwani huko sanamu moja ilishuka na nyingine ikapanda mahali palepale. Zamani za Wajerumani ilisimama pale sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, na chini yake askari Mwafrika. Gavana juu, askari miguuni. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Ikapelekwa Ulaya, mwishowe ikasimama Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927, palipokuwa pa gavana pakasimamishwa askari Mwafrika peke yake, wa shaba, ameshika bunduki yenye singe, uso wake umeelekea bandarini. Aliyekuwa miguuni sasa yuko juu. Hata leo mahali pale panaitwa Askari, na kila mtu wa Dar es Salaam anapajua.

Ni badiliko jema, nani atakataa? Walakini tazama tena. Katika vita ile ya mwaka 1914 hadi 1918 barabara zilikuwa chache, na punda na ng'ombe wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Basi unga, risasi, mahema, hata vipande vya mizinga, vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Majeshi ya Kongo yaliyoingia Tabora mwezi wa Septemba mwaka 1916 nayo yalitembea hivyo, na katika Kivu wazee wengi walikuwa na habari za jamaa aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi. Wapagazi waliokufa kwa kuhara, kwa njaa na kwa kuchoka walikuwa wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Maneno yaliyoandikwa kwenye kitako pale Dar es Salaam yanawataja wapagazi, ni kweli. Lakini wangapi husoma maandiko ya kwenye kitako? Macho huenda juu, na aliye juu ni mwenye bunduki. Nairobi walifanya vizuri zaidi kidogo: sanamu yao ya mwaka 1928 ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Dar es Salaam wapagazi hawakupewa shaba, ila walipata kitu kingine ambacho hakuna mkubwa aliyekusudia kuwapa. Kambi yao ilikuwa mahali fulani mjini, na jina la kikosi chao kwa Kiingereza liligeuzwa na vinywa vya watu likawa Kariakoo. Leo ni soko kubwa la mji, na wanawake wanaopatana bei ya nyanya hulitaja jina lao mara mia kwa siku pasipo kujua. Huenda hiyo ni heshima iliyofika kwa njia ya kichochoro.

Baada ya safari hiyo ndefu kijana wa Kyavinyonge angali amesimama Goma, anatazama juu. Na sasa anaweza kuona vema zaidi kitu anachokitazama. Sanamu hiyo, iliyosimamishwa mwaka 2009, haikuwekwa kwa ajili ya mfalme wala gavana wala mwenye bunduki. Aliyepandishwa juu ni mpagazi mwenyewe, yule aliyesahauliwa miji mingine.

Chukudu yenyewe ni kitu kinachostahili kutazamwa. Hutengenezwa kwa mbao ngumu na mikalitusi. Magurudumu yake mawili ni ya mti, nayo huvishwa mpira uliokatwa katika matairi makuukuu ya magari. Haina injini wala kinyagio. Mwenye chukudu huweka goti moja juu ya ubao na mguu mwingine husukuma ardhi. Kwenye mteremko hupanda akashuka kwa kasi ya kutisha. Kwenye mlima hushuka, akainama, akasukuma mpaka jasho liingie machoni. Hubeba kilo 400, pengine zaidi: viazi na kabichi kutoka Kibumba, makaa, saruji, mbao za kujengea. Tangu miaka ya 1970 sehemu kubwa ya chakula cha mji imeshuka milimani kwa chombo hicho. Volkano ya Nyiragongo ilipofunika sehemu ya Goma kwa lava, Januari mwaka 2002, mji ulijengwa tena juu ya mawe meusi, na katika kujenga huko mizigo haikujibeba. Na kila mara vita vinapokaribia, mwenye gari huondoka kwa gari lake, na asiye na gari hutafuta chukudu ya kupakia godoro na watoto.

Kwa hiyo anayesema kwamba mtu huyu hastahili kuwekwa juu, huyo hajapata kusukuma mzigo mlimani.

Lakini swali la samaki na barabara lingali linangoja. Heshima hii inafika? Chini ya sanamu, saa hiyohiyo, anapita mtu wa nyama na damu na chukudu yake. Shati lake si la dhahabu. Ameamka kabla ya jua. Barabarani amekuta vizuizi, na kwenye kizuizi mkono umenyoshwa, akatoa. Kwenye kizuizi cha pili akatoa tena, kiazi au noti, maana mwenye bunduki hasikilizi hesabu. Sokoni mwenye mzigo amembishia ujira waliopatana asubuhi, akisema bei imeshuka. Mwenye gari amempigia honi na kumwita mjinga. Wote hao, yaani wa kizuizi, wa mzigo na wa gari, wamepita chini ya sanamu ileile, na pengine Jumapili walipiga picha mbele yake pamoja na watoto wao. Bwana wetu aliwakemea vikali watu waliopamba makaburi ya manabii huku wakitenda kama wale waliowaua. Kumpamba mtu wa shaba hakugharimu kitu kila siku. Kumlipa mtu wa nyama ujira wake mzima kunagharimu kila siku, tena jioni, kabla jua halijatua, wakati mfuko unapoonekana mwembamba.

Hapo mwingine ataruka na kusema: Basi ingekuwa afadhali fedha ya sanamu ile igawanywe kwa maskini! Neno hilo linasikika kuwa takatifu. Na lifikiriwe polepole, kwani alipata kulisema Yuda juu ya marhamu ya Bethania, naye hakulisema kwa kuwapenda maskini. Si kila alisemaye leo ni Yuda. Wengi husema kwa uchungu wa kweli. Lakini wanakosea katika jambo moja. Wanadhani maskini ana tumbo tu. Mtoto wa mwenye chukudu apitapo pale na kusema, "Yule ni kama baba," amepokea kitu ambacho gunia la unga haliwezi kumpa. Baba yake, aliyeitwa mjinga asubuhi, anaijua kweli hiyo ingawa hasemi. Heshima nayo ni chakula, ingawa haitoshi peke yake.

Tena wako watu ambao bila sanamu hawana chochote. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari mwaka 1961, na mwili wake ukaharibiwa kwa asidi makusudi, asipate kaburi. Zaidi ya miaka 60 watoto wake hawakuwa na udongo wa kulilia. Sanamu yake ilisimama Limete, Kinshasa, mkono umeinuliwa, kabla hakijapatikana kipande chochote cha mwili wake cha kuzikwa. Mwezi wa Juni mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake moja, nalo likazikwa karibu na sanamu ile. Ni nani atakayewaambia jamaa zake kwamba shaba ile ilikuwa hasara? Katika milima ya Beni na Lubero wako wengi leo waliopotelewa na watu wao namna hiyo, wakiwa hawana hata mahali pa kuweka ua.

Sanamu ya chukudu basi na isimame. Lakini inasimama kama hati ya deni iliyobandikwa hadharani. Mji umekiri kwa shaba na rangi, mbele ya wapita njia wote, kwamba unalishwa na mtu huyu. Aliyekiri deni mbele ya mashahidi hawezi kesho kumwambia mdai wake kwamba hamjui. Hapo ndipo ilipo faida yake kubwa, na hapo ndipo ilipo hatari yake kwa wote wapitao chini yake wakiwa na ujira wa mwenzao mfukoni.

Kijana atarudi Kyavinyonge na maneno hayo, na jioni, nyavu zikishonwa, yatazungumzwa. Mtu atauliza: Na hapa kwetu, kama ingesimamishwa sanamu moja kando ya ziwa, angewekwa nani juu? Wavuvi watajibu upesi, bila kufikiri: Mvuvi, amesimama mtumbwini, wavu mkononi. Fundi wa mitumbwi atakohoa kidogo, maana pasipo yeye mvuvi angesimama majini. Mzee mmoja atamtaja yule aliyezama usiku wa dhoruba asionekane tena. Na wake zao, wale wanaopasua samaki, wanaotia chumvi, wanaoanika, wanaobeba mabeseni mpaka kwenye gari na kubishana na mnunuzi juu ya kila senti, labda hawatatajwa na mtu yeyote mpaka mmoja wao, aliyekuwa akisikiliza toka jikoni, aulize kutoka huko beseni litachongwa kwa mti gani. Wanaume watacheka. Kisha watanyamaza kidogo, kwa sababu si mzaha. Alfajiri mitumbwi itarudi, na wanawake watakuwa wamekwisha kufika ufukoni, wamesimama katika maji hadi magotini, wakingoja.